Kusini Kulikuwa na Treni

Nachingwea iliwahi kuwa na stesheni ya treni. Kijana wa Lindi akiambiwa hivyo leo atadhani anataniwa, kwa sababu mkoa mzima hauna hata futi moja ya reli inayofanya kazi, na mtu wa Kilwa, Liwale au Ruangwa akisafiri ni basi, ni bodaboda, ni mashua. Lakini tangu mwishoni mwa miaka ya 1940 hadi mwaka 1962, injini za moshi zilitoka pwani, zikapita Ruo na kupanda bara hadi Nachingwea, na baadaye tawi jingine likachepuka kuelekea Masasi. Mwaka 1963 vyuma viling'olewa, mataruma yakakusanywa, na vichaka vikarudi kudai nafasi yao.

Reli huonekana kama mlima: ikishakuwapo, ipo. Historia inasema vingine. Uingereza ndiyo iliyoanzisha reli ya umma yenye injini ya mvuke, pale njia ya Stockton na Darlington ilipofunguliwa mwaka 1825. Machi 1963, mwaka uleule ambao Nachingwea ilipoteza reli yake, mkuu wa shirika la reli la Uingereza, Dk Richard Beeching, alitoa ripoti iliyopendekeza vituo zaidi ya 2,300 vifungwe pamoja na karibu theluthi ya njia zote nchini. Stesheni nyingi za vijijini zikageuzwa nyumba za kuishi. Tofauti ni kwamba mwanakijiji wa huko aliyefungiwa kituo chake aliweza kwenda mji wa jirani akaikuta treni nyingine. Kusini mwa Tanganyika hapakuwa na nyingine.

Na mwaka huohuo wa 1963, upande wa pili wa Afrika, Mauritania ilikuwa inafungua reli yake ya kwanza.

Kuelewa kwa nini reli ya Kusini ilikufa, ni lazima kujua ilikuja kufanya nini. Ilikuja kwa ajili ya karanga. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha, lakini akina mama wa London bado walinunua siagi na mafuta ya kupikia kwa mgawo. Mwaka 1946 Frank Samuel, mmoja wa wakubwa wa kampuni ya United Africa, akaja na wazo kwamba ardhi ya Afrika Mashariki ifyekwe, ilimwe karanga, na mafuta yake yapelekwe Ulaya. Timu ya John Wakefield ikazunguka kwa wiki chache, maeneo mengine ikiyatazama kutoka ndani ya ndege, ikarudi na hesabu ya ekari zaidi ya milioni 3. Tanganyika ikapangiwa sehemu tatu: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Vifaru vya Sherman vilivyobaki vitani viligeuzwa matrekta yaliyoitwa Shervick, vikapelekwa kung'oa miti. Miti iliwashinda. Huko Kongwa, udongo wa mfinyanzi ulikauka ukawa mgumu kiasi kwamba hata karanga zilizokubali kuota hazikung'oleka kirahisi.

Nachingwea ilikuwa na mvua za kuaminika zaidi, ila haikuwa na mlango wa kutokea. Lindi ina hori zuri kwa majahazi na matishari, lakini meli kubwa haiwezi kusogea ikafunga gatini. Kina kilichotakiwa kilipatikana Mtwara, mahali ambapo wakati huo palikuwa kijiji tu pembeni mwa mji mkongwe wa Mikindani. Kwa kuwa bandari ingechukua miaka kujengwa, reli ilianzia kwanza Mkwaya, ndani ya hori la mto Lukuledi karibu na Lindi, ili vyuma na mashine vishushwe kwa matishari na kazi ianze. Baadaye ndipo njia ikaunganishwa hadi Mtwara.

Kisha hesabu zikagongana. Januari 1951 serikali ya Uingereza ilikiri kwamba mpango umeshindwa, na pauni milioni 36 zikafutwa vitabuni. Gati la maji marefu la Mtwara lilikamilika mwaka 1954. Kwa maneno mengine, bandari ya kupakia karanga ilikuwa tayari miaka mitatu baada ya karanga zenyewe kuzikwa, ikiwa na reli nzuri nyuma yake ya urefu wa kilomita 200 hivi, na hakuna cha maana cha kuweka juu yake. Treni zikabeba korosho, mbao, mkonge na abiria waliokuwapo, zikaendeshwa kwa hasara hadi Tanganyika huru ilipoamua imetosha. Reli fupi iliyokuwa imechepuka Msagali kwenda Kongwa nayo iling'olewa.

Shirika lililosimamia njia hiyo halikuwa dogo. Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki lilipokea mwaka 1955 na 1956 injini 34 za aina ya Garratt kutoka kiwanda cha Beyer Peacock cha Manchester, kila moja ikiwa na uzito wa tani 250 hivi, na kila moja ikapewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Hazikuwapo injini za mvuke zenye nguvu kuzishinda kwenye reli ya upana wa mita moja popote duniani. Moja ya majitu hayo, Mount Gelai, limewekwa katika makumbusho ya reli ya Nairobi, na jina lake ni la mlima wa Tanzania. Lakini zilinunuliwa kwa ajili ya njia ya Mombasa, ambako mizigo ilikuwa imerundikana. Kusini kulikuwa na reli bila mzigo, kaskazini kulikuwa na mzigo uliozidi reli.

Athari za reli ya Kusini bado zipo kwenye orodha za serikali. Manispaa ya Mtwara Mikindani ina kata inayoitwa Reli, na wakazi wake wanapiga kura, wanalipa kodi na kusajili watoto chini ya jina la kitu ambacho wengi wao hawajawahi kukiona.

Karanga hazikuwa mzigo wa kwanza kuahidiwa treni katika pwani hii. Miaka arobaini kabla yake, zamu ilikuwa ya Kilwa.

Mwaka 1904 Paul Fuchs alitumwa na kamati ya uchumi wa makoloni ya Berlin kupima uwezekano wa reli kutoka Kilwa hadi Ziwa Nyasa, ikamalizikie Wiedhafen, sehemu za Manda za leo. Ripoti yake ilichapwa mwaka 1905. Njia aliyoifikiria haikuwa ngeni: kwa miongo mingi misafara ilikuwa ikishuka kutoka Nyasa hadi Kilwa Kivinje, ikileta pembe za ndovu na watu waliotiwa utumwani, ambao kutoka hapo walipakiwa majahazini kwenda Unguja. Wajerumani walitaka njia hiyohiyo ibebe mazao, na zao lililokuwa midomoni mwao lilikuwa pamba.

Julai 1905, katika milima ya Umatumbi, wilaya hiyohiyo ya Kilwa, watu wa Nandete waliing'oa pamba ya kulazimishwa. Vita ya Maji Maji ikaanzia hapo. Kinjekitile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa Mohoro mwezi uliofuata, lakini moto ulikuwa umeshavuka mito, ukafika Liwale, Masasi na Songea, yaani nchi ileile ambayo Fuchs alikuwa ameichorea mstari. Mwaka huohuo kazi ya Reli ya Kati ilianza Dar es Salaam. Ilifika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914. Reli ya Kilwa ilibaki kitabuni.

Mji wa Kilwa Kivinje uliilipa gharama hiyo kimyakimya. Mwaka 1899, Nairobi ilikuwa kambi ya mafundi wa reli kando ya bwawa, mahali pa kuegesha mabehewa kabla ya kuanza kupanda milima. Mwaka huo Kivinje ilikuwa na boma, nyumba za ghorofa, forodha, wafanyabiashara wa Kihindi na wa Kiarabu, na jina linalojulikana hadi Muscat. Leo Nairobi ni jiji la mamilioni, na Kivinje ina kuta za mawe zinazopasuliwa na mizizi ya miti. Reli haikuwa sababu pekee, lakini ukiiweka ramani ya reli ya mwaka 1914 juu ya ramani ya miji mikubwa ya Afrika Mashariki ya leo, utaona kalamu ya wahandisi ilivyogawa riziki.

Bila reli, hata dinosaria alitembea kwa miguu. Kati ya mwaka 1909 na 1913, msafara wa makumbusho ya Berlin ulichimba kilima cha Tendaguru, kaskazini magharibi mwa mji wa Lindi, chini ya wanasayansi Werner Janensch na Edwin Hennig. Msimamizi wa uchimbaji alikuwa Boheti bin Amrani. Zaidi ya tani 200 za mifupa zilitoka ardhini. Zote zilifungwa, mifupa mirefu ikiwa imegawanywa vipande, zikapandishwa vichwani na mabegani, zikateremshwa hadi bandari ya Lindi kwa mwendo wa siku kadhaa. Wapagazi walifanya safari zaidi ya 5,000.

Hesabu yake ni rahisi. Mpagazi hubeba kilo 27 hivi. Behewa moja la tani 20 ni vichwa zaidi ya 700. Mzigo wote wa Tendaguru, uliowachosha watu kwa miaka minne, ungeingia kwenye mabehewa kumi na mawili hivi: treni moja fupi, alasiri moja. Mnyama mkubwa aliyetoka humo aliunganishwa mwaka 1937 na leo anasimama Berlin akiwa na urefu wa mita zaidi ya 13 kwenda juu, miongoni mwa viunzi vya mifupa virefu kuliko vyote vilivyosimamishwa katika makumbusho duniani. Mifupa yake iliwahi kukaa juu ya vichwa na mabega ya watu wa Kusini.

Vita Kuu ya Kwanza ndiyo iliyoonyesha kwa ukatili zaidi tofauti kati ya mahali penye reli na mahali pasipo na reli. Manowari ya Kijerumani, Königsberg, ilijificha katika delta ya Rufiji, jirani kabisa na Kilwa, hadi ilipoteketezwa Julai 1915. Mizinga yake kumi iliokolewa, ikatengenezewa magurudumu na kutawanywa nchini. Mmoja ulipanda treni Dar es Salaam, ukashuka Kigoma, ukafungwa kwenye meli ya Graf von Götzen. Meli yenyewe ilikuwa imefika kwa namna hiyohiyo: iliundwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande, ikapakiwa katika masanduku yapatayo 5,000 na kupelekwa Dar es Salaam, kisha kwa reli hadi ziwani, ambako iliunganishwa tena na kushushwa majini mwaka 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani waliizamisha wenyewe, wakiwa wameipaka grisi mitambo yake. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na tangu mwaka 1927 inaitwa Liemba. Meli iliyopanda treni ikadumu kuliko watawala wawili.

Mzinga mwingine wa manowari hiyohiyo ulihitajika Kibata, juu ya milima ya Umatumbi, mwishoni mwa mwaka 1916. Kibata haina reli, haikuwa na barabara, na njia yake ni ya kupanda na kushuka mabonde yenye utelezi. Mzinga huo ulivutwa kwa kamba na mamia ya watu. Ukiisoma vita ile kwenye vitabu vya majenerali, utaona mizinga inatokea tu mahali inapotakiwa. Anayeijua Kibata wakati wa mvua atauliza ni nani aliyeshika kamba, na wangapi walirudi kwao.

Waingereza nao waliposonga bara kutoka Kilwa na Lindi mwaka 1917 waligundua kwamba jeshi lao linategemea miguu ya wapagazi kuliko kitu kingine chochote. Jina la Kariakoo, la Dar es Salaam na lile la Nairobi, linatokana na kikosi hicho cha wabeba mizigo, na makumi ya maelfu yao walikufa, wengi kwa kuhara, homa na njaa. Kwenye njia ya Lindi palikuwapo angalau reli nyembamba ya vigari, ya upana wa sentimita 60, iliyoanzia Mingoyo na kuingia bara kupitia mashamba. Ilikuwa reli ya kusukumwa zaidi ya kuendeshwa, lakini askari waliopigana kuelekea Nyangao na Mahiwa waliipigania kama dhahabu.

Upana huo wa sentimita 60 unaleta jambo ambalo msafiri wa kawaida halifikirii. Reli mbili zinaweza kukutana mahali pamoja na bado zisiungane. Reli ya Kati na ile ya Tanga zina upana wa milimita 1,000. TAZARA, iliyojengwa na Wachina pamoja na Watanzania na Wazambia kati ya mwaka 1970 na 1975 kwa urefu wa kilomita 1,860, ina milimita 1,067 ili ilingane na reli za kusini mwa Afrika. Tofauti yake ni milimita 67, isiyofika upana wa kiganja. Kwa sababu ya milimita hizo, pale Kidatu, ambapo tawi la kutoka Kilosa linaikaribia TAZARA, mzigo hauna budi kushushwa behewa moja na kupakiwa jingine. Juu ya hizo imeongezeka reli ya kisasa, ya umeme, yenye upana wa milimita 1,435, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024 kwa mwendo wa hadi kilomita 160 kwa saa.

Mtu asidhani ni maajabu ya Tanzania peke yake. Australia ilirithi upana mbalimbali kutoka kwa makoloni yaliyokuwa hayasemezani, na ilikuwa mpaka mwaka 1970 ndipo abiria alipoweza kutoka Sydney hadi Perth bila kubadilisha treni njiani.

Unguja iliwahi kuwa na reli zake pia, na hapa wasomaji wengi hushangaa. Reli ya kwanza ya Afrika Mashariki haikujengwa Mombasa wala Tanga. Ilijengwa na Sultani Barghash mwaka 1879, kutoka kasri lake la mjini hadi Chukwani, kiasi cha kilomita 11. Mwanzoni mabehewa yake yalikokotwa na nyumbu. Mwaka 1881 akaagiza injini ndogo kutoka kwa Bagnall wa Stafford, Uingereza. Mombasa ilisubiri hadi mwaka 1896, na Tanga hadi 1893. Alipoijenga reli yake, Barghash alikuwa bado anatawala pwani, na ushuru wa bandari kama Kilwa Kivinje uliishia katika hazina yake. Alipofariki mwaka 1888 reli nayo ikafa. Nyingine ilikuja mwaka 1905, ya kampuni ya Kimarekani, ikipita katikati ya vichochoro vya mji na kuelekea Bububu. Hiyo iliuawa na magari: abiria waliihama mwaka 1922, na kufikia mwaka 1928 haikuwa na kazi tena.

Kwa hiyo pwani hii ya Waswahili imekwisha kuzika reli nyingi.

Reli pia huamua ni msiba gani utakumbukwa. Simba wawili wa Tsavo, madume wasio na manyoya shingoni, waliwaua wajenzi wa reli ya Uganda mwaka 1898. Mhandisi J. H. Patterson, aliyewapiga risasi, alidai walikuwa wamekula watu 135. Utafiti uliotolewa mwaka 2009 ulikadiria watu 35 hivi. Ngozi zao ziliuzwa kwa makumbusho ya Field, Chicago, na mwaka 1996 Marekani ikawatengenezea filamu. Mwaka 1900, katika stesheni ya Kima, simba mwingine aliingia ndani ya behewa usiku na kumtoa humo ofisa wa polisi, Charles Ryall, aliyekuwa amekuja kumwinda.

Sasa hesabu ya huku. Kati ya mwaka 1990 na 2004, watafiti walihesabu Watanzania zaidi ya 560 waliouawa na simba, na maeneo yaliyoathirika zaidi yalikuwa ya Lindi na Rufiji: watu waliolala dungu shambani kulinda mpunga dhidi ya nguruwe pori, watoto waliotumwa maji, wazee waliotoka nje usiku. Ni mara nyingi zaidi ya Tsavo, kwa hesabu yoyote ile. Hakukuwa na reli ya himaya iliyosimama kwa sababu yao, kwa hiyo hakuna filamu.

Kuna kitu kingine treni ilikileta duniani ambacho hata mtu wa Kilwa asiyewahi kuiona anaishi nacho. Kabla ya reli, kila mji ulikuwa na saa yake kufuatana na jua. Bristol ilikuwa nyuma ya London kwa dakika kumi hivi, na hakuna aliyejali mpaka treni zilipohitaji ratiba. Kampuni ya Great Western ilianza kutumia saa ya London kwenye vituo vyake vyote mwaka 1840. Marekani iligawanywa kanda za saa na makampuni ya reli tarehe 18 Novemba 1883, bila hata kusubiri sheria. Kilwa ilikuwa na ratiba yake ya zamani zaidi: kaskazi ikivuma, vyombo vinashuka kutoka Arabuni, kusi ikivuma, vinarudi. Ibn Battuta aliifuata ratiba hiyo alipofika Kilwa mwaka 1331. Nahodha wa mashua ya Kilwa Masoko bado anaangalia maji kujaa na kupwa kwanza, halafu ndipo anaangalia simu.

Wapo wakazi wa pwani waliopanda treni ya kasi kabla ya kupanda ya kwao. Mahujaji wanaotoka Makka kwenda Madina wana reli ya Haramain, iliyofunguliwa mwaka 2018, kilomita 450 kwa mwendo wa hadi kilomita 300 kwa saa. Kaskazini mwa Madina yapo mabaki ya reli ya zamani ya Hijazi, iliyofika mjini humo kutoka Damascus mwaka 1908 kwa michango ya Waislamu wa nchi nyingi, na ambayo vita iliivunja ndani ya miaka kumi. Mzigo wake ulikuwa watu, na hilo ni nadra katika reli zilizojengwa zama hizo.

Nyingi zilijengwa kwa ajili ya vitu, kisha watu wakadandia. Reli ya Mauritania iliyotajwa mwanzoni hubeba chuma kutoka Zouérat hadi bandari ya Nouadhibou, kilomita 704, kwa treni zinazofika urefu wa kilomita mbili na nusu, miongoni mwa ndefu kuliko zote duniani. Watu hupanda juu ya rundo la mawe ya chuma, wamejifunga vilemba usoni, na mbuzi wao pembeni, bila tiketi. Hakuna aliyeijenga kwa ajili yao, lakini imewafaa kwa sababu chuma hakijaisha. Reli ya Nachingwea ilikosa bahati hiyo tu: mzigo wake ulikwisha kabla haujaanza, na waliokuwa wanaitaka hawakuwa wamehesabiwa.

Mizigo mikubwa ya Kusini sasa imepata njia nyingine. Gesi ya Songosongo, iliyogunduliwa mwaka 1974, inasafiri chini ya bahari na chini ya ardhi hadi Ubungo tangu mwaka 2004, kwa bomba la kilomita zaidi ya 230, bila gurudumu wala dereva. Makaa ya mawe ya Ruvuma yanapita Songea na Masasi kwa malori mazito kwenda kupakiwa Mtwara, na lami inalipa. Korosho nazo ni malori. Abiria wa Kilwa anapanda basi lake Mbagala, anavuka Rufiji kwenye Daraja la Mkapa lililofunguliwa mwaka 2003, na pale Nangurukuru dirisha linajaa mikono yenye korosho za kukaanga na samaki wa kukausha kabla basi halijasimama sawasawa. Kabla ya daraja, pale Rufiji palikuwa na kivuko, na foleni yake iliwafundisha watu kubeba mkeka.

Kwenye makaratasi, treni inarudi. Serikali ina mpango wa reli ya kisasa kutoka Mtwara hadi Mbamba Bay kwenye Ziwa Nyasa, pamoja na matawi ya kwenda Liganga kwenye chuma na Mchuchuma kwenye makaa ya mawe, jumla ya kilomita 1,000 hivi. Ukiutazama mstari huo, ni wazo la mwaka 1904 lililosogezwa kusini: bahari hadi Nyasa, na mzigo ndio unaotangulia kuhesabiwa. Safari hii mzigo upo kweli ardhini, na hilo linaupa mpango huu nguvu ambayo karanga hazikuwa nayo. Swali la abiria wa Masasi, Tunduru na Namtumbo, kama treni ya makaa itasimama kwao na kwa nauli gani, bado halijachukua nafasi kubwa katika mazungumzo.

Kilwa haimo katika mstari huo. Imepewa kitu kingine: bandari ya uvuvi ya Kilwa Masoko, ambayo Rais Samia Suluhu Hassan aliiwekea jiwe la msingi Septemba 2023. Samaki wake watakwenda Dar es Salaam kwa magari ya barafu kupitia Somanga, kwenye barabara ileile ambayo mvua na Kimbunga Hidaya viliikata Mei 2024, mabasi yakalala pande zote mbili za maji.